Nilivyohangaika na printa kwenye Linux, Mchangani Unguja, kwa ajili ya hitima

Wakuu, salamu zenu nyote. Haya yalinikuta mwenyewe, na sina haja ya kutia chumvi, maana hata bila chumvi hayajaniingia akilini.

Miaka ya 2000 hiyo, nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi Mchangani, Mji Mkongwe. Virusi vilinichosha. Kila flash ya mteja inakuja na vyake.

Rafiki yangu Nassor akanifutia kompyuta yote, akaniwekea Linux badala ya Windows. "Sasa lala usingizi," akasema. Kisha akasafiri zake Muscat.

Virusi kweli viliisha. Kasheshe ikahamia kwenye printa.

Printa yenyewe ya kisasa: ina rangi, inageuza karatasi yenyewe ikachapa pande mbili, na juu ina scanner. Kwenye Linux ikawa inatoa nyeusi tu, upande mmoja tu. Scan ndiyo kabisaa, kompyuta inasema haioni scanner yoyote. Na mimi naiona pale mezani!

Nikavumilia, wateja wengi walitaka barua tu.

Mpaka akaja Bi Zuwena wa Bububu. Mumewe, Mwalimu Khamis, amefariki, na hitima ni Ijumaa. Alitaka kijitabu: dua, wasifu, na picha ya marehemu amevaa shati jekundu. Picha ni hiyo moja, nyengine zimeharibiwa na mvua.

Nikamwamkia, nikamwambia nitamtolea nyeusi na nyeupe, itapendeza.

"Nyeusi sitaki, mwanangu. Shati hili watu walimcheka nalo, naye akalivaa mpaka likapauka. Nataka wamwone nalo."

Ningemwelekeza duka jengine, lakini Mwalimu Khamis ndiye aliyenifundisha kusoma. Nikasema nitafanya.

Nikampigia Nassor. Simu inakatakata, nilichoambulia ni neno "driver", ile programu ya kuielewesha kompyuta printa yake. Nikafungua settings za printa. Kumbe iliwekewa driver ya jumla, si ya modeli yake! Nikachagua ya modeli yake, rangi hiyooo.

Pande mbili bado. Nikapekua, nikakuta pameandikwa kuwa kifaa cha kugeuzia karatasi hakijafungwa. Hakijafungwa vipi, na nnakishika kwa mkono? Nikabadilisha, nikaweka kimefungwa. Ikageuza. Yaani mashine inangoja kuambiwa kuwa ina mkono!

Scan ndiyo iliyonitoa jasho. Nikiingia kwa jina langu, hamna scanner. Nikiingia kama root, yule mwenye ruhusa zote kwenye mfumo, hii hapa. Nikascan hivyohivyo.

Alhamisi Bi Zuwena akaja na binti yake. Nikampa nakala ya kwanza bila kuitazama. Akafunua jalada. Akakigeuza kijitabu, akakigeuza tena.

"Mbona Mwalimu kasimama kwa kichwa?"

Nikakichungulia. Kila upande wa pili wa karatasi ulitoka juu chini. Nikaanza kuomba radhi, mara nasikia kicheko. Bi Zuwena anacheka mpaka machozi, kashika meza.

"Ndiye huyu! Ukimwambia kaa hivi, yeye anakaa vile. Ndoa yetu yote!"

Binti yake akaninong'oneza kuwa tangu mazishi mama hajacheka.

Nikarudi kwenye settings, nikabadilisha ukingo wa kugeuzia karatasi, kutoka ule mrefu nikaweka mfupi, vikatoka sawa vyote. Ile nakala mbovu nikataka kuichana. Bi Zuwena akanipokonya.

"Hii yangu. Hizo nzuri wape wageni."

Wakuu, nilichojifunza: usiseme printa haifanyi kazi kabla hujaangalia driver ni ya nani, na kama kompyuta inajua printa yako ina nini na nini. Na nakala ya kwanza itazame mwenyewe, si kila mteja atacheka.

Ila hili la scanner kumtii root na kunikataa mimi, mpaka leo sijalielewa. Mwenye kujua anieleze hapa chini, taratibu, kwa Kiswahili.