Siku Nilipomfukuza Mama Mkwe

Nikipishana na mama mkwe kwenye korido nainamisha kichwa, na watu husema ni heshima ya ukwe, kumbe ni aibu tupu, acheni niwaambie.

Baba mkwe alipofariki, mama alihamia kwetu hapa mtaani Panda, na tangu hapo tukaanza kusikia viatu vya mtu koridoni, mchana kweupe, vikienda hadi mlango wa mama na kusimama (mke wangu Beya akifungua hakuna mtu, ila harufu ya tumbaku). Niliogopa, siwafichi. Basi Beya akamwita mchungaji mmoja kutoka Zambia, anayefukuza mizimu kwa Kiingereza (sisi ni Wakatoliki, padri asisikie), na mimi mwalimu wa Kiingereza nikawa mkalimani.

Mchungaji akanguruma, “I evict you!” Ningesema toka, yakaisha. Lakini nilitaka kuonyesha elimu, nikaeleza kwamba kitenzi hicho, evict, hakitumiki kwa kung’oa jino wala msumari, ni kwa yule aliyejiweka katika nyumba ya watu, analala humo, anakula humo, na haondoki mpaka atolewe kwa nguvu, kisha nikafumba macho, nikanyoosha kidole na kupaza sauti: “Weye, toka mu nyumba yangu. Leo hii.”

Nilipofumbua, kidole kilikuwa kinamwelekea mama mkwe, aliyekaa kwenye kona akisali.

Sasa mjue kwetu mwanamume hazungumzi na mama mkwe wake uso kwa uso, kila jambo hupitia kwa mke, kwa hiyo miaka yote ya ndoa hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake. Akafunga kitenge, akachukua rozari, akatoka. Na viatu vile vikamfuata, tukavisikia wote, korido, baraza, changarawe, halafu kimya. Mchungaji mwenyewe alipitia mlango wa nyuma, Biblia akaiacha.

Tulimkuta mama kando ya barabara, amekaa juu ya jiwe, amejisogeza upande mmoja kana kwamba amempisha mtu. Nikapiga magoti mbali, nimegeuza uso, nikamwomba Beya amwambie anisamehe, nyumba ni yake.

“Muambie bwana yako nitarudia ku nyumba,” akamwambia Beya. “Lakini muzee wangu anauliza kama naye atamuacha aingie.”

Beya akanigeukia, anangoja. Harufu ya tumbaku, ile ya marehemu baba mkwe, ikanijia puani, nikasema karibuni, karibuni wote. Tangu siku hiyo simtafsirii mtu kitu, na jioni sifungi mlango wa mbele mpaka nisikie viatu vimepita.