Mtungi Ukishapokewa Getini

Saa mbili kasorobo asubuhi, Pyo Geum-ran anainama juu ya mtungi unaomfika kiunoni, anaugonga kwa kifundo cha kidole, kisha anatega sikio. Mtungi unalia vizuri. Anauzungushia majani makavu ya mpunga na kuusogeza kando.

"Huu mzima," anasema, akiufuata wa pili. Imebaki mia moja na arobaini.

Mama huyu wa miaka hamsini na tisa ana miaka ishirini na mbili katika kiwanda kidogo cha ufinyanzi nje ya Ulsan, kinachotengeneza mitungi ya kuchachulia soya na kabichi. Kwa won milioni mbili na laki tatu kwa mwezi anafanya kazi za watu wawili: anafunga mizigo, na anaandika mikataba ya wanunuzi wa ng'ambo.

Mikataba hiyo ndiyo iliyomliza miaka saba iliyopita.

Tangu enzi za baba yake bosi, kiwanda kiliuza kwa sharti la herufi tatu, FOB: mzigo ni wa muuzaji mpaka upakiwe melini. Zamani halikuwa na neno. Mitungi ilipandishwa mmoja mmoja, mfinyanzi mwenyewe akiangalia. Siku hizi kontena linapokewa kwenye geti la bandari ya Busan, kisha linakaa uwanjani siku mbili tatu likisubiri meli. Herufi hazikubadilishwa. Geum-ran alinakili mkataba wa zamani kama alivyoukuta, kama walivyokuwa wakifanya wenzake wengi.

Kimbunga kikaja. Kontena lilianguka uwanjani, na mitungi mia tatu na kumi na miwili ikawa vigae. Mnunuzi alisikitika kweli, lakini mkataba ulisema wazi: mzigo haukuwa umepanda meli, kwa hiyo hasara haikuwa yake.

"Bosi hakunifokea hata siku moja," anasema. "Angenifokea, ningepona. Kontena liliporudishwa, alichukua fagio tu akaanza kufagia."

Tangu hapo, usiku upepo ukivuma, yeye huamka.

Safari hii mnunuzi ni Bwana Hatanaka wa Kobe, mteja mkubwa pekee waliyebaki naye. Rasimu yake ilikuja na herufi zilezile. Geum-ran alitaka ziandikwe FCA, yaani dhamana ihamie kwa mnunuzi mzigo unapopokewa getini. Bosi wake, mfinyanzi Tak Pan-su, alikuja juu.

"Mama Seon-u, unataka kunifukuzia mteja? Akikimbia, mitungi yote hii utachachulia kabichi wewe?"

"Akikimbia, nifukuze na mimi, mzee. Lakini kunakili, sinakili tena."

"Una kichwa kigumu kuliko udongo wangu!"

"Basi kitie tanuruni."

Alipiga simu mwenyewe, kwa Kijapani chake cha kuokoteza. "Bwana Hatanaka, meli umeichagua wewe. Mimi nikishakabidhi getini, hata kuugusa mzigo siruhusiwi. Sasa nitaulindaje?"

Upande wa pili uliahidi kufikiri. Kwa siku nne bosi na mfungaji mizigo wake walikunywa supu ya saa sita bila kutazamana.

Jana adhuhuri mashine ya faksi ilitema karatasi yenye muhuri mwekundu. Bwana Hatanaka, aliyewahi kutembelea kiwanda na kumwona mama huyu kazini, amekubali, ila naye ana lake: kila mtungi ugongwe na Geum-ran mwenyewe kabla ya kufungwa. Mzee Tak aliisoma mara mbili, akatoka, akarudi na mzigo wa majani ya mpunga mgongoni.

Redio imetangaza kimbunga kingine, Alhamisi. Lori linaondoka Jumanne, na Geum-ran atakaa mbele na dereva mpaka Busan.

"Nikiishika karatasi ya mapokezi pale getini," anasema, akiugonga mtungi mwingine, "narudi nyumbani, nafunga dirisha, nalala. Kivume kitakavyovuma."