Nahodha Anaaga Mpenzi Wake

Jumamosi niliingia duka la dawa hapa Kyumbi mbio, mtoto wangu wa miezi saba anawaka moto mgongoni, amelegea, hata kulia ameacha. Muuzaji hakuniangalia. Yeye na wanaume wawili walikuwa wamekodolea macho runinga ukutani, filamu ya zamani ya vyombo vya angani, zile ambazo dijei anazitafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji.

"Mtoto yuko na joto mbaya," nikasema.

Akainua kidole bila kugeuka. "Ngoja kidogo, mama. Nahodha anaaga mpenzi wake."

"Anamwacha kwa hiyo sayari," mwanamume mmoja akasema, anapangusa jicho. "Mimi hulia hapa kila mara."

Kila mara! Nikauliza kwani wameiona mara ngapi.

"Wee, tangu tukiwa watoto," muuzaji akajibu kwa tabasamu. "Hata maneno yao naweza kukuambia kabla hawajayasema."

Nikanyoosha mkono nikang'oa waya wa runinga. "Wuui! Huyu mama ana nini?" wakapiga kelele. Nikamlaza mtoto juu ya kaunta. Ndipo muuzaji akamgusa, na uso ukambadilika.

"Hii si ya dawa zangu. Kimbia hospitali, sasa hivi."

Sikuwa nimefika barabarani, runinga ikaanza tena.

Mtoto amepona, Mungu ni mwema. Lakini bado nina hasira. Huyo mwanamke wa sayari ameachwa miaka yote hiyo, na kesho ataachwa tena. Kati yake na mtoto wangu, wa kungoja alikuwa yeye.