Namba Saba ya Satini

Shule yetu ilijiita ya mchanganyiko, na kweli tulichanganywa: wavulana upande ule wa mawe yaliyopakwa chokaa, wasichana upande huu, na katikati Sista wa nidhamu na rula yake. Rula ile haikuwa ya hisabati. Ukikaa benchi moja na mvulana maabara, ililazwa kati yenu, na isipoenea mnaitwa ofisini kueleza mlichokuwa mnapanga. Tulikuwa tunapanga kupasua chura.

Baba alinipeleka pale kwa sababu ya matokeo. Sisi ni Waislamu wa mjini Mwanza, watu wa cherehani tangu babu, na sare za shule hiyo alizishona Baba mwenyewe kibarazani kwetu. Siku ya kuniandikisha alimwambia Sista Mkuu, "Mfundishe fizikia. Hayo mengine yenu baki nayo." Sista akacheka, akakubali. Tulipokuwa tunashuka kutoka shuleni huko Buswelu, Baba akanigeukia: "Siku nikisikia umeingia mambo ya kanisani, nakuhamisha kesho yake." Hakuwa mtu wa vitisho. Kaka yangu alishahamishwa shule mbili kwa makosa madogo kuliko hayo.

Basi mimi, na akili zangu timamu, nilipofika kidato cha pili nikaingia kikundi cha wasichana wanaocheza wakati wa matoleo.

Kwa asiyejua: kwenye misa kubwa, vipaji, yaani sadaka za waumini, haviendi altareni hivi hivi tu kama watu wanaokwenda gulioni. Wasichana kumi na wawili hutangulia wakicheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, na wazazi wanafuata na mchele wa Magu, mikungu ya ndizi na mbuzi ambaye hakuulizwa. Sista wa kwaya alinikuta nyuma ya darasa nikiwaigiza wachezaji wake kwa dhihaka. Eti dhihaka yangu ilikuwa na ibada kuliko ibada yao. Na niseme ukweli, niliipenda ile ngoma. Niliipenda kuliko fizikia, kuliko shule yote na rula yake. Nyumbani nikasema nimechaguliwa netiboli. Mimi! Mtu ambaye mpira ukija anaziba uso.

Ikakaribia sikukuu ya somo wa shule, yule mtakatifu msimamizi wake, na Askofu anakuja. Sista wa kwaya akatupima nguo mpya, akaandika vipimo kwa namba, moja hadi kumi na mbili, bila majina, maana kwake majina yalileta majivuno. Alipima kifua, kiuno na urefu, mbio mbio. Hakuona kwamba bega langu la kushoto limeshuka. Nilianguka kwenye majabali nyuma ya nyumba yetu nikiwa na miaka tisa, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo Baba hunishonea kila nguo na kipande cha sponji bega hilo, wala hamwambii mtu. Mimi nikawa namba saba. Nikafurahi sana, kwamba jina langu halipo popote.

Jumamosi nikarudi kutoka hiyo netiboli yangu, nikakuta satini ya njano imejaa kibarazani. Mungu wangu! Fundi wa shule ni nani kama si Baba? Mwanafunzi wa fizikia, na hilo halikuniingia kichwani.

"Shikamoo, Baba. Nguo za nani hizi?"

"Marahaba. Za watoto wa watu." Karatasi ya Sista ilikuwa chini ya mkasi. "Wanarukaruka kanisani, sijui wazazi wao wako wapi."

Nikajibu kwamba hata mimi sijui wako wapi. Wiki nzima alishona, nami nilipita pale kibarazani kwa kunyata. Kila cherehani iliponyamaza, nilijua sasa naitwa, na shule imeisha, na ngoma imeisha.

Hakuniita. Siku ya sikukuu nguo zikaletwa kwenye mfuko wa sandarusi, kila moja na namba yake. Nikavaa namba saba. Ikanikaa vizuri hadi nikaogopa. Nikapeleka mkono bega la kushoto, nikagusa sponji. Pindo nalo lilizidi la wenzangu kwa kiganja kizima, likafunika miguu yangu hadi kwenye vifundo.

"Fundi kakosea hii," Sista akasema, akitafuta pini.

"Iache, Sista. Tafadhali."

Ngoma zikalia. Nilicheza huku machozi yananitoka, na akina mama wakapiga vigelegele wakidhani Roho amenishukia. Kilichonishukia kilikuwa hofu. Askofu akatabasamu, mbuzi akagoma mlangoni, misa ikaisha.

Nyumbani nilimkuta Baba kwenye cherehani yake, anashona kaptula ya mtu. Hakuinua kichwa.

"Netiboli mmeshinda?"

"Tumeshinda, Baba."

Akakanyaga cherehani hadi mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Bega halikukubana?"

Nikatikisa kichwa.

"Haya. Kamwambie huyo Sista wako ajifunze kupima watu," akasema, akivuta kaptula nyingine. "Namba saba nilishona kwa kichwa."