Kikombe Nilichokunywa Mbele ya Ghala la Korosho

Mwaka 1966, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alifariki, nikaacha shule darasa la pili na kuanza kuteremka bondeni kuchota maji, natoka alfajiri narudi jua liko utosini, debe kichwani na shingo inaniuma mpaka leo, na ndiyo maana nilipopata nguvu nilichimba kisima changu mwenyewe hapa Kitangari, kwa sururu na mikono hii, nikakisakafia kwa saruji, nikakiwekea mifereji kutoka kwenye bati, mvua ikinyesha kinajaa, na kwa miaka yote hiyo nusu ya kitongoji wanachota kwangu. Natanguliza hayo ili mjue kiburi changu kilitoka wapi. Maana ninachosimulia hapa ni aibu yangu, niliyoitengeneza mwenyewe, na bado nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mimi.

Kipindupindu kiliingia wakati wa mvua. Tukasikia gari la matangazo. Gari lile, jamani! Linapita mbio kama linafukuzwa, spika inakoroma, unasikia "ndugu wananchi," halafu vumbi, halafu "kunawa," halafu limeshafika kijiji cha pili. Vikaja na vikaratasi vya kusoma (nimesema darasa la pili, sivyo?). Hakuna aliyeshuka kukaa na watu akaulizwa swali. Lakini simu hazikupita mbio, simu zilikaa na watu mchana kutwa, na kwenye simu ndiko tulikoambiwa kwamba vidonge vya kutibu maji vinafunga uzazi. Basi watu wakavipokea kwa adabu na kuvitumbukiza chooni.

Aliyeshuka kwenye gari mwishowe alikuwa bibi afya, binti wa watu kutoka mkoa wa mbali, mwembamba, mabuti ya mpira mpaka magotini. Akazunguka kisima changu, akatazama choo changu, akasema, "Shikamoo, Baba Somoe. Samahani, choo kiko juu na kisima kiko chini. Mvua hizi, na ufa huu hapa ukutani..."

Nikamjibu, "Marahaba. Kisima hiki nimechimba mama yako hajazaliwa."

Akarudi garini. Nikaona nimeshinda.

Siku ya pili mwenyekiti wa kitongoji akaja na wazo lake. "Mzee, watu wanakusikiliza wewe. Tunaita mkutano pale ghala la korosho, unakunywa maji yaliyotiwa dawa, wote wanaona, maneno yanaisha." Nikakubali upesi sana. Nani hapendi kuambiwa anasikilizwa?

Asubuhi ya mkutano bibi afya akaleta ndoo yenye mfuniko, imetiwa dawa tayari, akaiacha kwangu na kwenda kuita watu. Nikafungua, nikanusa. Ilinuka kama shuka za hospitali. Na mimi, ukweli ni huu, tangu jana yake tumbo langu lilikuwa linazungumza peke yake (nilikuwa nasingizia mabibo, yale matunda ya mkorosho), nikaogopa dawa ile italichokoza zaidi. Nikajiambia, maji ni maji, nani atajua? Nikayamwaga yote nyuma ya nyumba, nikaijaza ndoo kwenye kisima changu, nikafunika. Ni uamuzi wa dakika moja tu. Halafu nikavaa kanzu yangu nyeupe ya Idi. Nyeupe! Watu wazima wenye tumbo bovu hawavai nyeupe, lakini mimi nilikuwa naenda kusikilizwa.

Ghala lilijaa watu mpaka barabarani. Nikapanda ngazi, nikachota kikombe, nikakiinua, nikasema kwa sauti, "Mimi mzee wenu nakunywa dawa hii mbele yenu!" Nikanywa nusu. Wakapiga makofi. Hapo akajitokeza mtani wangu Bi Asumini. Huyu ni mtani wa ukoo, na mtani kwetu hana mipaka, anaweza kukuvua kofia msibani na ukacheka. Mtu mwingine yeyote asingethubutu kunipokonya kikombe mkononi. Yeye alipokonya.

"Lete hapa, mtani! Ukifa peke yako nitamtukana nani?"

Akainusa ile iliyobaki, akanitazama machoni, akainywa yote mpaka chini, akageuza kikombe juu chini kuonyesha ni kitupu. Watu wakapiga vigelegele. Ningeweza kumzuia. Mkono ulikuwa karibu. Sikumzuia, maana ningemzuia kwa sababu gani?

Nikaendelea kuhutubia, na tumbo nalo likaanza kuhutubia. Nikabana. Nikafupisha maneno. Nikashuka ngazi kwa hatua ndogondogo kama bibi harusi, halafu nikaona hatua ndogo hazitoshi, nikakimbia kwenda choo cha ghala, na mlango una kufuli, na ufunguo uko mfukoni kwa mwenyekiti, na mwenyekiti ndiyo kwanza ameshika spika anashukuru wageni. Nikapiga kelele, "Ufunguo! Ufunguo, wewe!" Watu wote wakageuka. Basi. Mengine kanzu ilieleza.

Mtu mmoja akasema, "Dawa hiyo! Imemkata tumbo!" Kabla sijafika kwangu, mgongo wangu ulikuwa umeshafika Newala na Masasi kwenye simu za watu. Binti yangu Somoe akanipigia kutoka Masasi, analia au anacheka sikujua. "Baba, nimekuona." Nikakata.

Jioni ile watu walimwaga maji yote yaliyotiwa dawa, mpaka ya zahanati, wakamwambia bibi afya asikanyage tena. Wakaja kuchota kwangu, ndoo kwa ndoo, wananipa pole. "Pole, Baba Somoe, walitaka kukuua." Nami nikaitikia. Nilikuwa najua, nikaitikia! Ningewaambia nini, kwamba maji mnayochota ndiyo yaliyonikimbiza? Siku mbili nilikunywa uji na kukaa kimya, nikijiita mgonjwa.

Siku ya tatu asubuhi akaja binti wa Bi Asumini, macho mekundu. "Mama yuko kambi ya wagonjwa wa kipindupindu, tangu jana anaharisha maji matupu. Anasema uje, ana neno na wewe."

Nikaenda. Walinimwagia dawa miguuni pale mlangoni, dawa ileile, harufu ileile. Alikuwa amelala kwenye kitanda chenye tundu katikati, dripu mbili, macho yameingia ndani, na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Mtani. Yale maji hayakuwa na harufu."

Nikatazama dripu zake zikidondoka.

"Nilijua palepale."

"Sasa mbona ulikunywa? Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni uongo wako wa kawaida tu. Nikauweka, niutoe siku ya msiba wako, kuna watu wengi zaidi." Akataka kucheka, akashindwa. "Lakini nikitangulia mimi, nani atakuumbua? Nenda kajiumbue mwenyewe. Leo. Wanangu wanachota kwako."

Nilitoka pale nikiwa na hasira za kupiga mtu, na mtu wa kupiga alikuwa mimi. Nikamkuta bibi afya amekaa kwenye gari lake, nikamwambia yote, mpaka ile ndoo. Hakunipa pole. Alisema, "Panda." Nikapanda, na mara hii nilimwamuru dereva: hapiti mbio, tunasimama kila nyumba kumi, na anayetaka kuuliza aulize. Nikashika spika. "Mimi Baba Somoe. Sikunywa dawa. Niliimwaga, nikanywa maji ya kisima changu. Kisima changu kina choo ndani yake. Aliyechota kwangu asinywe. Achemshe au atie kidonge." Wengine walicheka. Mama mmoja aliyempeleka mumewe kambini hakucheka, alikuja mpaka dirishani akanitemea mate kwenye kanzu. Sikuyafuta. Halafu akamgeukia bibi afya, akasema, "Nipe hivyo vidonge."

Sitasema tena kwamba nimekunywa nisichokunywa. Na nyie wenye magari ya matangazo, shukeni.

Leo nina shamba la mikorosho, nyumba ya bati, na baiskeli. Nina choo kipya, nimekichimba mbali huku chini. Nina kisima kimoja, kimekaushwa, kimesuguliwa, ufa umezibwa, na chupa ya vidonge inaning'inia kwa kamba mdomoni mwake. Nina kanzu moja isiyorudi kuwa nyeupe. Na nina mtani mmoja, mzima, ambaye nikimpa maji mbele za watu, hanywi mpaka ayanuse kwanza.