Kisu Kisichokuwa na Nchi

Mulamu wangu, dada wa mume wangu, ana duka la vyombo katikati ya Butembo, mashariki mwa Kongo: sahani, termosi, masufuria, na ukuta mzima wa visu. Kwake yeye kisu husomwa kabla ya kushikwa. Hukigeuza, hutafuta maandishi karibu na mpini, na akishaona jina la nchi amemaliza kukijua.

Mimi ni mpishi wa sherehe. Ndoa, matanga, ubatizo, sikukuu za parokia, mahali popote penye masufuria makubwa utanikuta. Kisu nakijua kwa namna kiganja kinavyouma jioni.

Siku tuliyokwenda Beni tulibishana juu ya hayo tangu garini. Binti wa ndugu yetu alikuwa anaolewa kule. Mimi nipike, yeye alete sahani. Katika kikapu changu, chini ya viazi kutoka kijiji cha Kipese, nilikuwa nimefunga visu viwili ndani ya kitenge kilichochakaa. Kimoja alinipa yeye, kipya, kinang'aa, kimeandikwa jina la Ujerumani. Cha pili alinifulia fundi wa vyuma wa mtaa wetu wa Mususa, kutoka kwenye resor, yaani springi, ya lori bovu. Kilikuwa cheusi, kirefu, mpini wa mti, na hakikuandikwa kitu.

"Ile yako nyeusi inafanana na mupanga," mulamu akasema. "Batu ba ndoa bataogopa."

"Inakata."

"Leo inakata. Na kesho? Kule Alemanye biko na masini, biko na batu ba kuangalia kama chuma ni ya muzuri. Fundi wako iko na nini? Nyundo na makala."

Hakukosea kabisa. Kisu cha jikoni kwake, chenye jina hilohilo la Ujerumani, alikuwa nacho tangu alipoolewa na bado kilikuwa kinamenya ndizi bila taabu. Na fundi wangu aliwahi kuniuzia kimoja kilichokatika kama biskuti mara ya kwanza kilipogusa mfupa. Lakini ukweli ni kwamba tulibishana ili tusizungumze lile jingine. Juma lile watu walikuwa wanakimbia kutoka upande wa Mangina, magodoro vichwani, mbuzi wakikokotwa kwa kamba. Wale waasi wa msituni, wakiua, hawapotezi risasi. Kila mtu ndani ya taksi ile alijua wanatumia nini, na hakuna aliyelitaja.

Kwenye bariere, kizuizi cha askari karibu na Beni, dereva alizima gari. Askari kijana akatuamuru tushuke, akaanza kupekua mizigo. Alipoingiza mkono kwenye viazi vyangu akasimama. Akavuta kitenge, akakifungua.

"Mbeli ya nani oyo?" akauliza kwa Lingala mwenye kisu ni nani, ameinua kile cheusi juu ili wote wakione.

Abiria waliokuwa wakicheka nasi njiani wakatazama viatu vyao. Mulamu ndiye aliyesema: "Ni vyombo bya kupika, chef. Tunaenda ku ndoa."

Akatupeleka kwa kapiteni wake, aliyekuwa ameketi kwenye benchi chini ya turubai. Hakuwa mtu wa kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha mbali, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala. Alichukua kile chenye kung'aa, akasoma, akakiweka pembeni. Halafu akachukua kile cheusi, akakigeuza upande mmoja, akakigeuza upande wa pili.

"Hii inatoka inchi gani?"

"Ni ya hapa, kapiteni. Butembo."

"Haiko na jina."

"Fundi haandikaka."

"Mama, sikia. Ile ingine najua inatoka mu duka. Mutu aliuza, mutu alilipa. Ya namna hii, tunaziokotaka mu pori, pembeni ya maiti." Sauti yake haikupanda. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Juzi nilizika baaskari bangu. Donc, basi, unaniambia wewe ni nani."

"Niko mupishi."

"Kila mutu ni mupishi."

Nyuma ya turubai mbuzi alikuwa ananing'inia kwenye tawi, ameshachunwa, chakula chao cha siku ile. Kapiteni alimwangalia mbuzi, akaniangalia mimi. "Kata. Kama uko mupishi, mikono yako itasema."

Wakamshusha, wakamlaza juu ya mlango wa zamani uliotandikwa majani ya ndizi. Askari wakasogea. Bunduki moja ilikuwa imening'inia begani mwa yule kijana, mdomo wake ukielekea magoti yangu kila alipogeuka, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Nikachukua kisu cha mulamu. Kile cheusi nilikiogopa. Niliona kwamba nikikigusa mbele yao nimekiri.

Nyama laini ilikatika. Nikafungua paja kwa ndani, nikatenga minofu. Nikafika kwenye kiungo cha nyonga, mahali ambapo mpishi huingiza ncha na kuzungusha, na nilipozungusha, kisu kikapinda. Hakikuvunjika. Kiligeuka upande kama ulimi wa mbwa, kikateleza, kikanichana kidole. Damu yangu ikadondoka juu ya nyama ya mbuzi. Mtu mmoja akacheka kidogo, wa pili akasema kitu kwa Lingala ambacho sikukielewa, na kapiteni akasimama.

Nilitaka kumwambia kwamba kisu ndicho kibaya. Badala yake nilikibonyeza juu ya mlango nikijaribu kukinyoosha, na yeyote angeapa kwamba sijawahi kukata hata kitunguu.

"Mon capitaine," mulamu akasema. Alikuwa amepiga hatua mbele, kanga ya kichwani imelegea, uso umekuwa wa majivu. "Kisu nilimupa mimi. Ni ya ku duka yangu. Iko mubaya. Umupatie ile ingine, ile nyeusi. Tafazali."

Kapiteni akakishika kile cheusi kwenye makali, akanielekezea mpini.

Eh, Nyamuhanga, niliomba kimoyomoyo, jina la Mungu kama bibi yangu alivyolitaja, wala si kama katekista alivyonifundisha. Nikaingiza ncha, nikazungusha. Nyonga ikaachia. Baada ya hapo sikumbuki kuchagua. Mikono ilienda yenyewe, bega, mbavu, shingo, hadi mbuzi alikuwa vipande vya kupakua na kidole changu kimefungwa kipande cha kitenge kilichoanza kuwa chekundu.

"Ni mupishi," kapiteni akasema, kama aliyepoteza kitu. Akatuashiria twende. Nikanyoosha mkono kuchukua kisu changu, akatikisa kichwa. "Hii inabakia. Hii haina baba, haina mama. Nikiiona tena mu njia, sitakuwa na wakati wa kuuliza."

Dereva alikuwa ametungoja, Mungu ambariki. Garini mulamu alikishika kile kilichopinda, akayatazama yale maandishi kwa muda mrefu. "Kumbe mutu yeyote anaweza andika Alemanye," akasema. Kisha akaanza kulia, nami nikalia, na hakuna aliyetuuliza sababu.

Ndoa niliipika kwa visu vya kuazima. Wageni walikula kwa haraka, huku wakiangalia jua, wakaondoka kukiwa kweupe bado. Kila pikipiki ilipotoa mlio mkali nilijikuta nimeshika ukingo wa meza.

Tuliporudi Butembo nilikwenda kwa fundi wa vyuma. Nilimsimulia yote, nikamwambia anifulie kingine, na safari hii apige muhuri: aandike Butembo, Kongo, chochote, ili mtu akisoma ajue kimetoka kwa watu.

Aliacha kuvuvia makaa. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na sijawahi kumwona akiacha kazi katikati.

"Mama, kisu ikisha toka hapa mulangoni, mi hapana jua itaingia mu mukono ya nani," akasema polepole. "Siku moja baikute kule pori, pembeni ya mutu. Basome. Bakuje huku Mususa, baulize ni nani anafuaka. Unataka niandike njia ya nyumba yangu juu ya chuma?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Nilidhani haandiki kwa sababu hajui kuandika, au kwa sababu kazi yake aliiona ndogo.

Alinifulia kingine, cheusi, kizuri, bila neno hata moja. Nakitumia hapa nyumbani tu. Kikiwa hakina kazi nakifunga kwenye kitambaa na kukiweka juu kabatini, nyuma ya masufuria, na mgeni nisiyemjua akibisha hodi wakati napika, nakifunika kwanza kwa sinia kabla ya kusema karibu.