Mume Wangu Aliyejiita Watanabe

Mume wangu wa kwanza alirudi kutoka vita vya Wajapani kule Bama na jina la Kijapani, na kwa miaka minane nilimsaidia kulibeba bila kuuliza ndani yake mna nini. Alijiita Watanabe. Alitaka litamkwe lote, na mtu aliyemwita kwa jina la baba yake hakuitikiwa hata kama amekuja kumwambia nyumba inaungua.

Mimi ni mtu wa Pweto, upande wa Kongo wa ziwa letu. Mama yangu alikuwa akivuka kuja Kashikishi, upande wa Waingereza, na unga wa muhogo na kurudi na samaki wakavu, nami nikimfuata, na ndivyo mwanaume huyo alivyoniona. Nilikuwa msichana mkubwa asiye na akili kubwa. Nilimkuta amevaa koti la jeshi katika joto la Oktoba, nikadhani lile jasho ni la ushujaa.

"Ilikuwa jina ya kapiteni wao," aliniambia. "Nilimuua kwa kisu, ndani ya muto. Ukimuua mukubwa wa vita, jina yake inakuwa yako."

"Maana yake nini?"

"Simba mukata vichwa."

Nikaamini. Wala sikuwa peke yangu. Pale ufukweni watu walikuwa na majina mazuri ya babu zao, majina ya mvua na ya njaa na ya ukoo, wakayaona ghafla kuwa ni matambara. Kinyozi wa sokoni alimpa mwanawe jina la Watanabe. Wavuvi wawili wakalipaka ubavuni mwa mitumbwi yao, kila mmoja kwa tahajia yake, na mmoja akampa mbwa. Hakuna aliyejua Japani iko upande gani wa ziwa. Wanawake wa soko peke yao ndio waliokuwa na busara kidogo. Kwa Kibemba, kutana ni kumnyima mtu kitu, basi walilikata jina mkia wakamwita Watana, maana hakuwahi kumgawia mtu hata kichwa cha samaki. Yeye alidhani wanamwita hivyo kwa mapenzi.

Karani wa boma alipokuja kuandika watu, alimuuliza, "Hili ni jina la baba yako?"

"Ni jina langu mwenyewe."

Karani akaandika. Hivyo nikawa mke wa Watanabe katika kitabu cha serikali.

Baba yake alikuwa hai, tena tuliishi katika uwanja wake. Mzee huyo alikuwa mvushaji. Maisha yake yote alivusha watu kwenda Kilwa, kisiwa kilichomo ziwani humo, na kuwarudisha, wagonjwa, maharusi, wenye mbuzi, wenye maiti. Alikuwa mfupi, mabega mapana, maneno machache. Mume wangu aliiita kazi ile kazi ya punda wa maji. Siku moja yule karani alikuja kula kwetu, akauliza ni nani yule mzee anayeziba mtumbwi pale nje. Mume wangu akajibu, "Ni jirani." Nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi. Nililiweka mezani, nikanyamaza, na ukimya huo siujivunii.

Yeye mwenyewe hakuvua, hakulima, hakuvusha. Alikaa kwenye kiti cha turubai, akisimulia. Kila mwaka yule kapiteni alizidi kurefuka.

Ndipo akaja infirmie mmoja, muuguzi kutoka Kongo, mtu wa makamo, mpole, aliyekuwa akinunua samaki ili akauze kwao baada ya kuacha kazi ya hospitali. Kwa kuwa Kibemba hakukijua vizuri, alipenda kupumzika kwetu, apate mtu wa kuongea naye Kiswahili. Mchana mmoja alipokuwa kwetu, alikuwepo kinyozi na majirani wachache, na baba mkwe alikuwa amekaa chini akichonga kafi jipya. Mume wangu akaanza hadithi yake. Alipofika kwenye jina, mgeni akainua uso.

"Watanabe? Na mimi nilikuwa kule Bama, mu hopitali ya jeshi ya Kongo. Tulikuwa na bafungwa bagonjwa ba Japani. Ba-Watanabe balikuwa bane mu chumba kimoja. Tulikuwa tunaita namba ya kitanda, sababu ukiita Watanabe, vichwa vine vinainuka."

Kinyozi akacheka, kisha akakumbuka mwanawe, akaacha.

"Wangu alikuwa kapiteni," mume wangu akasema.

"Pengine. Ni jina ya batu bengi sana kule. Moja wao alikaa na sisi miezi mingi, muguu ilikuwa imeoza. Kulikuwa mutu wa kutafsiri, tukauliza majina yao inasema nini. Akasema yake ni kando ya kivuko. Pale batu banavukia muto."

"Si simba?" kinyozi akauliza.

"Simba hata moja. Bon, alisema zamani sana kulikuwa mupiganaji mukubwa wa jina ile, alimukata shetani mukono. Hata ye alipata jina sababu ukoo wake ulikaa pa kivuko. Lakini batu badogo hawakuwa na jina ya ukoo. Kisha serikali yabo ikaamuru kila mutu aandikishe moja. Sasa kila mutu akatafuta. Babu ya ule mugonjwa alikuwa anavusha batu na mutumbwi, akaandika Watanabe."

Nilimtazama mume wangu. Miaka yote hiyo alikuwa amemkana mvushaji mmoja ili ajiite mvushaji mwingine, wa mbali, asiyemjua. Nilitaka kucheka na sikuweza, kwa sababu jina hilo lilikuwa langu pia.

Baba mkwe ndiye aliyesema. Aliacha kuchonga, akamuuliza mgeni kwa heshima, "Huyo babu yao, alikuwa anatumia pondo ao kafi?"

"Sikuuliza, tata," akajibu, akimwita baba.

"Inategemea kina," mzee akasema, akaendelea kuchonga.

Mume wangu aliinuka. Nilitegemea aone haya, au akasirike, hata anipige, lolote ambalo mtu mzima hufanya. Akasema, "Mnasikia? Alimkata shetani mkono." Hilo tu ndilo aliloliokota. Baada ya juma moja kapiteni alikuwa amesahaulika, na mume wangu alikuwa mjukuu, kwa haki ya vita, wa mtu aliyekata mashetani. Kinyozi, ambaye alikuwa na masikio yote mawili siku ile, akawa wa kwanza kuirudia hadithi hiyo mpya kwa wateja wake.

Nilimfuata baba mkwe majini, nikamuuliza kama hadithi ya kisu alikuwa anaijua.

"Alituma barua kutoka vitani," akasema. "Katekista alinisomea. Alikuwa anapikia waaskari."

"Kwa nini hukusema, tata?"

"Kupika si aibu."

Neno hilo lilinichoma kuliko uongo wote. Kwake hapakuwa na siri ya kutunza, maana hakuona kosa. Mwanawe ndiye aliyeona aibu katika kupika na katika kuvusha, yaani katika kila kazi inayomsaidia mtu.

Mwaka uliofuata mume wangu alienda migodini, ambako aliambiwa kuna watu wa kumsikiliza. Hakuaga baba yake. Mimi nilibaki mpaka mvua zilipokwisha, nikachukua watoto wawili, nikapanda boti ya wafanyabiashara kwenda kwetu Pweto. Huko, kwenye shule ya misheni, nilipoulizwa jina la watoto, nilitoa la babu yao mvushaji, na padri akaliandika bila shida.

Watu husema nilimwacha kwa sababu nachukia uongo. Si kweli, na sipendi kusifiwa bure. Nilijua mapema kwamba baba yake anafanywa jirani katika uwanja wake mwenyewe, na nikaendelea kupakua mchuzi. Kama kapiteni angekuwa wa kweli, ningekaa, na mzee angeendelea kuwa jirani.